Yah: Kuondolewa kwa Kisanduku, Laptopu na Mkwe Sebuleni Kwangu

Mkwe wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hali yako siiulizi, maana nilikuona jana, juzi, na siku zote kabla ya juzi. Nimekuwa karani wa shule miaka thelathini na mmoja, na najua malalamiko ya maana hayasemwi mezani, huandikwa.

Wiki tatu zilizopita ulikuja na bisibisi ukasema kile kisanduku kinachotunza picha za familia kimezeeka, waliokiunda wamekitupa mkono, lakini ukikiwekea programu iitwayo Linux kitafufuka. Ulisema ni kazi ya nusu saa. Tangu hapo nina haya:

1. Kisanduku hakina skrini wala kibodi, hakisemi kinaumwa wapi. Unakaa mbele yake ukitazama kijitaa kimoja cha rangi ya chungwa, unakiuliza hali kwa laptopu, nacho kimya. Nimeona wanandoa wakiishi hivyo, lakini si juu ya meza yangu.

2. Wiki ya kwanza kilikuwa kinajibu, ila kila kikiwashwa kilibadili namba yake ya mtandao. Leo kinaishia na 14, kesho 27. Ofisini kwangu faili lilipewa namba moja likadumu nayo mpaka mchwa walipolila.

3. Kila siku unaaga saa kumi na mbili jioni, unaondoka saa mbili usiku. Siwezi kula peke yangu mkwe akimeza mate, kwa hiyo napika sufuria kubwa, ile niliyokwisha kuifungia stoo.

4. Umeniharibu akili. Juzi jirani alilalamika kwamba mumewe haitikii akiitwa. Nikamshauri amzime, ahesabu hadi kumi, amwashe tena. Mpaka leo hanisalimii.

5. Ukisubiri asilimia kwenye laptopu zifike mia, unanisimulia jinsi binti yangu anavyokoroma, nami nacheka hadi natokwa na machozi. Mimi ni mjane wa miaka miwili. Nyumba yangu ilikuwa imetulia kiasi kwamba saa ya ukutani ilisikika hadi jikoni. Sasa siisikii kabisa. Naidai saa yangu.

Kwa hayo, naomba ifikapo Ijumaa uondoe kisanduku, kiwe kizima au maiti, pamoja na laptopu, bisibisi na wewe mwenyewe. Usisingizie picha, mkeo anazo zote. Nakala ya barua hii amepewa.

Msalimie sana yeye, wajukuu zangu wawili, na mama yako mzazi, ambaye nampa pole kwa kulea ukaidi huo.

Ni mimi, niliyevumilia vya kutosha,

Mama mkwe wako

Tanbihi (haimo kwenye nakala ya mkeo): Kisanduku kilipona Jumatatu ya wiki jana. Ulikuwa umetoka kunawa mikono, nikaona namba yake imetokea kwenye laptopu, ileile ya jana yake, nikajua ukirudi utakusanya vitu vyako. Ruta, kile kifaa cha intaneti ambacho waya wa kisanduku huchomekwa, iko chumbani kwangu, nawe kwa adabu zako huwezi kuvuka kizingiti cha chumba cha mkweo. Ukiniuliza kama waya umechomekwa, najibu ndiyo. Si kweli. Niliuchomoa mwenyewe, mwanangu, na kila siku nauchomoa upya moyoni kwa aibu. Nikiuchomeka, utakuwa na sababu gani ya kuja? Kama unayo, niambie, nami nitauchomeka siku hiyohiyo.