Mgono Wangu wa Ziwa Jipe

Jumatatu, 4 Agosti
Mama mkwe anakuja Jumamosi! Nilimwambia kwa simu kwamba tangu tuhamie Mata nimekuwa mvuvi hodari wa Ziwa Jipe, tena nasuka mitego mwenyewe. Alishangilia sana. Mke wangu Mbula ameuliza nitamwonyesha nini, maana sijawahi kunasa hata kiluwiluwi. Nimemwambia atulie. Nimekata fito.

Jumanne, 5 Agosti
Jirani yetu Crispus amejitolea kunifundisha kusuka mgono, lile tenga refu la kutegea samaki. Nimekataa. Nimeuchungulia wake: mdomo mpana, halafu koo jembamba lenye ncha za fito zinazoelekea ndani. Ukatili gani huu? Wangu nimeusuka koo pana, laini. Samaki waingie kwa raha. Crispus aliutazama, akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Alhamisi, 7 Agosti
Samaki waliingia kwa raha. Wakala ugali wote niliowawekea kama chambo, wakatoka kwa raha.
Nimebuni mlango wa kuvuta kwa kamba. Nikajifunga kamba kiunoni, nikaketi kwenye matete. Kamba ikavutwa. Kambare mkubwa! Nikavuta. Akavuta zaidi. Nikaingia majini kichwa mbele. Kumbe kamba ilikuwa imenasa kwenye mtumbwi wa Crispus! Alinitoa kwa kunishika ukosi.
“Jirani,” akasema, “leo sijapata mkubwa kama wewe.”

Jumamosi, 9 Agosti
Mama Nthambi amefika kutoka Kibwezi. Nilipanga kumwonyesha mgono wa Crispus niseme ni wangu. Mbula akamletea wangu. Msaliti! Mama akaugeuza, akapitisha mkono mzima kooni. Jasho likanitoka.
“Mwanangu,” akasema, “tenga zuri la kuku hili! Anaingia bila kung’oka hata unyoya. Nitarudi nalo nyumbani.”
Nikasema nilimsukia yeye makusudi. Mbula alicheka mpaka akakaa chini.
Jioni Crispus ameleta samaki. Tumekula nje, upepo wa ziwani unapuliza, Mama akiomba mchuzi tena na tena. Raha tupu.

Jumapili, 10 Agosti
Nimetafakari kanisani. Mgono wangu haukuwa na kasoro. Samaki ndio hawakuuelewa.
Wakati wa chai Mama amelalamika kwamba nyuki wameingia kwenye paa la jikoni kwake. Nimemwambia nyuki ni kazi yangu tangu ujana. Crispus amepaliwa na chai. Mbula amefumba macho.
Naondoka na Mama kesho. Nyuki ni mdudu tu.