Mashine Mbili kwa Boti ya Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimeolewa! Naliandika neno hili kila siku, sichoki. Laazizi akivua viatu mlangoni, moyo wangu bado unaruka.

Doa ni moja tu: wifi. Dada mkubwa wa laazizi, mwenye nusu ya boti ya uvuvi waliyoachiwa na marehemu baba yao. Mashine ya zamani imekufa kabisa. Leo wifi kaja, kakalia kochi langu jipya, katoa amri. Inunuliwe mashine moja ya nguvu za farasi sitini, na nyingine ndogo ya akiba, ya kuwarudisha nyumbani kubwa ikigoma. Eti boti ni kuukuu, nyuma kwenye tezi haiwezi mzigo mzito. Na boti isipoingia kazini Jumamosi, laazizi atakwenda kuajiriwa kwenye meli ya kampuni. Miezi mitatu baharini!

Ana mume na watoto wanne, lakini mapenzi hayajui hata kwa kusikia.

Jumanne, 5 Machi

Mashine moja kubwa na moja ndogo si mashine, ni bosi na tarishi. Ninataka mbili zinazolingana, bega kwa bega, kama mimi na yeye. Tena zitakuwa na mbio. Laazizi atafika nyumbani chai ikiwa bado ya moto.

Nimekwenda dukani mwenyewe. Muuzaji ni yule Bwana Tai, anayevaa tai na kandambili. Nikamwambia wifi amebadili mawazo: farasi arobaini, mbili. Akauliza boti ina umri gani. Nikajibu kwamba imetunzwa kama yai. Akauliza uzito itakaoweza kubeba. Maswali ya mtu asiyejua biashara. Fizikia nilifaulu mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Zimeletwa. Nzuri! Nyeusi, zinang'aa. Laazizi alizitazama, akanitazama, akasema nimependeza. Fundi aliuliza nani kachagua mizigo hii. Laazizi akasema ni yeye. Nilitokwa na machozi pale pale gatini.

Zikafungwa. Tezi ikashuka kidogo. Kidogo tu, kiasi kwamba yale matundu ya kutolea maji sasa yanayaingiza. Kipara, mvuvi wa boti ya jirani, akauliza kama chombo chetu kimekaa kitako kupumzika. Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Watu wasio na kazi.

Fundi anasema moja iondolewe. Fundi naye! Kazi yake kufungua alichokifunga.

Ijumaa, 8 Machi

Wifi, aliyesafiri tangu Jumanne, anarudi kesho. Laazizi amelala, kachoka, mikono yake maskini imejaa grisi. Nimemwachia chakula na kijibarua cha mapenzi.

Kisha nikaenda kutengeneza mambo. Nyuma nzito? Basi ongeza mbele. Nikawaita wapagazi, wakapakia magunia ya mchanga upande wa omo mpaka boti ikakaa sawasawa kama meza. Kipara akaisogeza boti yake mbali na yetu. Mtu akishindwa hoja, hukimbia.

Jumamosi, 9 Machi

Boti imezama.

Lakini imezama ikiwa imenyooka. Haikuinama mbele wala nyuma, na hilo hakuna hata mmoja aliyeliona. Wifi alisimama gatini na mkoba wake, akitazama kopo la rangi linaloelea.

"Nani amejaza mchanga kwenye boti ya baba?"

Laazizi akasema, "Mimi, dada."

"Mdogo wangu, wewe hata gunia la mkaa humbebei mkeo."

"Ni mimi."

Wifi akanigeukia mimi. Nadhani ni wivu. Hakuna mwanamume aliyewahi kumsemea yeye hivyo.

Jumapili, 10 Machi

Laazizi ameondoka asubuhi na meli ya kampuni. Miezi mitatu! Mto wa kitanda nimeulowesha. Kabla ya kupanda ngazi alinishika mikono yote miwili.

"Mke wangu, nakuomba. Usiiguse boti."

Anavyonijali! Hataki hata nijichafue.

Mchana wameivuta nchi kavu. Fundi anazisafisha mashine, wifi anatafuta wa kumuuzia moja. Waache waendelee. Mimi nimekaa na kulifikiria jambo hili kisayansi. Mashine zililemea nyuma, mchanga ukalemea mbele. Katikati palikuwa na nini? Hapakuwa na kitu. Ndipo maji yalipopata nafasi.

Ilikosekana mashine ya tatu.

Nimempigia Bwana Tai. Amefurahi sana, anasema tangu afungue duka hajapata mteja mwenye maono kama mimi.