Sikumpa Mgeni Rasmi Mgongo

Leo nimepatikana! Tena mchana kweupe, mbele ya mgeni rasmi kutoka mkoani na kijiji kizima cha Nangwa. Paulina na Zuhura, nawaandikia vumbi la uwanjani likiwa bado miguuni, kwa sababu najua habari hii itawafikia tu, na afadhali muisikie kwangu kabla watu hawajaitia chumvi. (Ingawa chumvi ipo ya kutosha.)

Mnanijua. Chuoni mlikuwa mkiniambia kwamba mwanamke hataweza kuongoza watu wa tarumbeta. Haya, huu mwaka wa nne naongoza. Nina tarumbeta nne za kuazima misheni, filimbi kumi na mbili za mianzi zinazopulizwa na darasa la saba, kodiani ya Bwana Mushi, mganga wetu wa zahanati, na ngoma kubwa ya Gidamis, mfugaji ambaye hupiga akiwa amefumba macho tangu mwanzo hadi mwisho. Mimi naiita okestra. Kuna wanaoiita kelele za mwalimu.

Leo kijiji kilikuwa kinafungua ghala jipya, na sisi tulipangwa kupiga kipande nilichokitunga mwenyewe, dakika nane, hakina maneno. Nimekiita "Ngano", kwa sababu kinafuata upepo unavyopita shambani: unavuma, unatulia, unavuma tena. Mgeni akiridhika, tungekwenda kukipiga kwenye sherehe za mkoa. Asiporidhika, tarumbeta zinarudi misheni Jumatatu, padri ameshasema. Na bila tarumbeta mimi sina okestra, nina filimbi na mganga.

Asubuhi akaja Mzee Tluway, mwenyekiti wa kijiji, kukagua uwanja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwalimu, wewe utasimama wapi?"

"Hapa, mbele ya wapigaji."

"Unatazama wapi?"

"Nawatazama wao, mzee."

Akaviangalia viti vya wageni vilivyokuwa nyuma yangu. Kisha akauangalia mgongo wangu. (Na majirani wa mgongo.)

"Sasa mgeni atamsalimia nani?"

Nikamweleza kwamba dunia nzima mwongozaji husimama hivyo.

"Dunia nzima haiji leo, anakuja mgeni. Na wazee watakuwepo. Mwanamke awape wazee mgongo, halafu atikisike? Haiwezekani. Ukifanya hivyo nitamwomba radhi mgeni mimi mwenyewe, na hiyo bendi yako iishie hapa hapa."

Mtu mwingine angeomba ushauri. Mimi nikasema hakuna shida! Kipande ni changu, nakijua hata nikiwa usingizini. Nitamtazama mgeni, wapigaji wataifuata mikono yangu kwa nyuma. Nikawakumbusha alama zetu: mikono miwili juu, tayari. Viganja vikipanda, pigeni kwa nguvu. Vikishuka, punguzeni. Ngumi, kimya.

"Na uso wako tutauonaje?" akauliza Bwana Mushi.

"Uso wangu mnaujua."

Mgeni akaja. Akahutubia, akafungua ghala, akakaa mstari wa mbele katikati ya wazee. Tukaitwa. Nikasimama kumwelekea, nikainama kwa adabu, nikainua mikono miwili.

Mgeni akasimama.

Angefanya nini? Bendi iko tayari, mwalimu kanyoosha mikono juu, ni nini kama si wimbo wa taifa? Akavua kofia. Wazee wakasimama na fimbo zao, na nyuma yao kijiji kizima, kimya, mikono ubavuni. Nikasema moyoni: safi, watu wa hapa wanaheshimu sanaa. (Huku kujiamini kwangu kutaniua siku moja.)

Tukaanza, na tukaanza vizuri. Ikafika sehemu ya upepo kutulia, nikashusha viganja taratibu.

Wakakaa. Wote!

Upepo ukavuma, nikapandisha viganja. Wakasimama.

Hapo ndipo ningeacha, lakini ningeachaje? Mikono ilikuwa ya okestra. Na kipande ni cha upepo, jamani, kinapanda na kushuka kila baada ya nusu dakika! Mgeni alikuwa akiwatazama wazee, anadhani ndiyo mila ya huku. Wazee walikuwa wakimtazama mgeni, wanadhani ndiyo mambo ya serikali. Hakuna aliyethubutu kubaki amekaa. Mzee Tluway alikuwa akishikilia benchi kwa mikono miwili kila anaponyanyuka, na macho yake yalinieleza mambo ambayo siwezi kuyaandika.

Ikafika ile ngumi, nikaiinua ili pawe kimya.

"Oyeee!" uwanja mzima ukaitikia, ngumi juu.

Baada ya hapo muziki ukawa laini ajabu. Tarumbeta sizisikii kabisa. Nikajisifu: hawa vijana nimewafundisha kweli. Filimbi nazo zikapotea. Kodiani ikalia mara moja kama mbuzi, ikanyamaza. Ikabaki ngoma tu, du, du, du, na mimi napunga mikono, na mgeni rasmi anakaa, anasimama, anakaa.

Nikageuka.

Watu wa tarumbeta walikuwa wameegemeana kwa kicheko. (Midomo inayocheka haipulizi kitu.) Bwana Mushi alikuwa ameficha uso nyuma ya kodiani. Gidamis peke yake, macho yamefumbwa, anapiga kwa amani.

Niliumia, siwafichi. Miaka minne yote niliiona inapakiwa kwenye gari la misheni. Machozi yakanijia, halafu ikaja hasira, na hasira ikafika kwanza. Nikasema kwa sauti ya chini, "Ngano. Tangu mwanzo." Nikamsahau mgeni, nikamsahau na Mzee Tluway. Nikainua mikono, wakaniona uso.

Hawajawahi kupiga vile! Nyuma yangu hata benchi halikulia. Tulipomaliza nikageuka polepole, mikono nimeibana mapajani nisije nikawasimamisha tena.

Mgeni alikuwa akijifuta jasho.

"Mwalimu, nimezunguka wilaya nyingi. Halaiki ya watoto nimeiona. Halaiki ya wazee, na fimbo zao, sijapata kuiona popote. Umewafundisha kwa muda gani?"

Nikafungua mdomo niseme ukweli. Mzee Tluway akaniwahi.

"Miezi mitatu, ndugu mgeni rasmi!"

"Basi mje mkoani. Wazee wote. Na hao wenye tarumbeta waje wawapigie."

Kwa hiyo naenda. Tarumbeta hazirudi misheni, na "Ngano" yangu itapigwa mkoani, mbele ya watu wanaojua muziki, huku wazee arobaini wakikaa na kusimama. Mzee Tluway ameshachukua nafasi ya katikati mstari wa mbele, anataka mazoezi yaanze kesho, na anashauri ile ngumi iwe mara mbili.

Msinicheke. Na siku mkinialika kupiga kwenu nawaambia mapema: mtauona mgongo wangu, basi.