Mpira wa Dutch Vandenhoek

Alhamisi, 12 Machi
Nimeshindwa tena! Wiki ya tano. Lorraine, mwenye baa, husoma maelezo ya nyuma ya kadi ya mchezaji wa zamani wa besiboli, nasi tunakisia jina. Kabla sijafungua kinywa, shemeji Gerv keshajibu. Wiki ijayo fainali, mimi na yeye, kadi moja tu. Atakayeshindwa atavaa kofia ya Chicago, mahasimu wetu, siku ya kufungua msimu. Hapa hapa Milwaukee, mbele ya uwanja mzima! Gerv kaniuliza eti kichwa changu saizi gani. Afadhali nife.

Jumamosi, 14 Machi
Dawa yake imepatikana. Nimetengeneza kadi ya mchezaji ambaye hajawahi kuzaliwa. Dutch Vandenhoek, mrushaji wa mkono wa kushoto, misimu miwili, mfuga nyuki. Picha ni ya marehemu mjomba Clarence. Nimeilowesha kwenye kahawa ili izeeke. Mimi ni kichwa!

Alhamisi, 19 Machi
Lorraine alipokwenda kukaanga jibini, niliichomeka kadi juu kabisa ya boksi lake la kadi. Akaisoma. Gerv kakodoa macho. Nikataja jina. Ushindi!

Halafu jasho likanitoka. Je, wakisema hawamjui? Wapi! Shabiki wa hapa yuko radhi kukiri wizi kuliko kukiri kwamba hamkumbuki mchezaji. Mzee Orville, mteja wa siku zote pale baa, kasema alimwona Dutch akirusha huku mvua inanyesha. Gerv kaapa jina lilikuwa mdomoni kabisa. Nimepumua.

Ijumaa, 20 Machi
Gerv kapiga simu. Anataka kuitazama ile kadi vizuri, kwa miwani. Chakula hakipiti.

Jumapili, 22 Machi
Gerv kaja. Kadi hata hakuiulizia. Katoa mpira wenye sahihi ya Dutch Vandenhoek! Anasema Dutch alimsainia mwenyewe, mwaka 1968, mtu mpole sana, mikono imejaa alama za nyuki. Jamani, raha niliyoisikia! Ushahidi huo. Nani tena atathubutu kusema Dutch hakuwepo?

Nikamsihi aniuzie. Hela kakataa. Anataka kitu kimoja tu: nivae ile kofia. Nikakubali haraka kabla hajabadili mawazo. Mjinga yule! Leo nitalala usingizi mnono. Mpira nimeuweka kabatini, karibu na sahani za harusi. Wino umenishika vidoleni kidogo. Wino wa zamani ndivyo ulivyo.