Udongo Wangu Umefungiwa Mlimani kwa Léonard

Kigwena, tarehe 9 Machi 1964

Kwa Bwana Burugumestri, mkuu wa komini yetu,

Amahoro, na baada ya amahoro, mashtaka. Mimi ni Mwanvua binti Uledi, mjane, mkulima wa mihogo chini ya mlima, mtu mpole ambaye hajawahi kuisumbua ofisi yako isipokuwa mara nne. Nimeibiwa udongo, na mwizi ana cheo: ni Bwana Lukeba, agronomu, mtaalamu wa kilimo uliyetuletea wewe mwenyewe.

Juu yangu mlimani analima jirani yangu Léonard. Kila Jumamosi Bwana Lukeba huwakusanya watu wote, akapima mteremko kwa fito tatu zilizofungwa pembetatu, jiwe likining'inia katikati, kisha wakachimba mtaro mrefu wa kuzuia mmomonyoko na kupanda mabingobingo ukingoni, huku wakiimba. Wanaimba vizuri, sikatai. Lakini mtaro huo umeniumiza kama ifuatavyo.

1. Tangu siku ya uhuru, kila mvua kubwa, udongo mweusi wa Léonard umekuwa ukiteremka kwangu kwa hiari yake. Sikuuita. Niliupokea tu, na mihogo yangu ikanenepa hadi watu wa Rumonge mjini wakaja kuitazama. Wala sikukosa adabu: kila mavuno nilimpelekea Léonard kikapu cha mihogo, bila kumwambia cha nini. Sasa udongo unaishia mtaroni. Nilipomwendea, alinijibu mbele ya mkewe: "Mama Wema, ile udongo iko yangu, ilikuwa inanikimbia tu." Mtu anayekimbiwa tangu uhuru ajiulize ana kasoro gani.

2. Bwana Lukeba anasema kila udongo una kwao. Haya. Ndagala wanavuka ziwa kutoka upande wa Kongo bila karatasi, na huko Gitaza wanaanikwa na kuuzwa, wala sijasikia hata mmoja amerudishwa kwao. Kwa nini samaki apewe uhuru ambao udongo wangu umenyimwa?

3. Na tukigusa uhuru: mtaro huu si mpya. Ni ule ule ambao Wabelgiji walituchimbisha kwa nguvu. Siku ya uhuru tuliufukia kwa furaha. Mimi mwenyewe nilicheza juu yake mpaka ukasawazika, na kiatu changu kimoja kikabaki humo. Sasa unachimbwa pale pale, na nikiuliza naambiwa safari hii ni wetu. Jumamosi iliyopita kiatu kilipatikana, wakanirudishia kwa makofi.

4. Hili ndilo lililonitoa machozi. Bwana Lukeba alikinga maji ya mvua kwa chupa mbili, moja chini ya shamba lenye mtaro, nyingine chini ya shamba lisilo nao, akazionyesha hadharani. Ya kwanza ilikuwa maji. Ya pili ilikuwa kama chai ya maziwa, na watu wakaguna: tazameni mlima wetu unavyokwisha! Mimi peke yangu nilitamani kuibusu ile chupa. Ilikuwa mihogo yangu, imetiwa kizibo.

Bwana Burugumestri, binti yangu Wema anaolewa mwezi wa saba, na karamu yote iko ardhini katika shamba hilo. Sina jingine. Kwa hiyo naomba mojawapo: mtaro uhamishiwe kwa watu wasio na majirani, au Léonard aamriwe kuniteremshia udongo kwa vikapu kila baada ya mvua, au ukingo uachwe na mlango mdogo, hatua mbili tu, juu ya shamba langu. Ili kuipunguzia ofisi kazi, mlango huo nimeshaufungua mwenyewe jana kwa jembe.

Nisalimie mkeo, watoto, karani wako aliyezipoteza barua zangu nne za kwanza, na hata Bwana Lukeba, ila yeye kwa sauti ya chini.

Ni mimi niliyedhulumiwa, mwenye heshima zote zilizobaki,

Mwanvua binti Uledi

Baada ya kusaini: Kabla sijafunga bahasha, mvua imenyesha. Maji ya mtaro mzima yamekuta mlango mmoja tu, wa kwangu, yakapita yote hapo. Udongo wa Léonard ulikuja kweli, nikapiga vigelegele. Haukusimama. Ulibeba na wangu, pamoja na mihogo, ukateremka navyo hadi kwa Casimir, anayelima chini yangu karibu na ziwa. Nusu ya shamba bado ipo. Tafadhali sana, mtume Bwana Lukeba leo hii na fito zake. Jembe ninalo, na kuimba nitaimba.

Casimir amepita sasa hivi, uso umejaa furaha. "Mama Wema, kamata hii, murakoze sana," akaniwekea kikapu cha mihogo mlangoni. Hakusema cha nini.