Jinsi Mukhwana wa Kabuchai Alivyopika Chai Aisilandi

Tulieni, enyi watu wa Kitale na Bungoma! Mwenye kusaga na azime mashine, mwenye kukamua na amwachie ndama titi moja, kwa maana leo nasimulia vita ambavyo hakuna redio iliyovitangaza. Nipe pumzi, Mola uliyeusimamisha Mlima Elgon, nisipunguze neno wala nisiongeze, isipokuwa pale hadithi itakaponilazimu.

Alikuwako shujaa, Mukhwana mzawa wa Kabuchai, mtawala wa ng'ombe wanne kule Endebess, ambaye alfajiri ya kutahiriwa kwake alipakwa tope baridi la mtoni toka utosini na asipepese jicho. Huyo ndiye aliyefunga safari na mkewe Peris kwenda Marekani, kumwona binti yao Linet aliyekuwa amejifungua. Na njiani ikawapasa kungoja ndege saa tisa nzima huko Aisilandi, kisiwa cha kaskazini ambako hata upepo huvaa baridi.

"Tutatembea tuone nchi," Mukhwana alikuwa amenena mbele ya majirani. "Nani hapa ameona moto na barafu vikikaa boma moja?"

Lakini ole wake! Ni yeye huyo aliyesimama Nairobi mbele ya mizani na kutamka kwa sauti ya jemadari, "Mizigo yote iende moja kwa moja mpaka kwa Linet!" Nayo ikaenda: sweta nzito ya Peris, soksi zake, viatu vyake vya kufunika, na thamosi yake ya chai. Ndege ilipokwisha kupaa, Peris akauliza sweta iko wapi. Akajibiwa. Hakulia, wala hakugomba. Alinyamaza.

Enyi mliooa, mnajua. Mwanamke akigomba, nyumba ingali nyumba; akinyamaza, hata paka huhama. Kwa saa kumi na tisa nzima Peris alinyamaza, akashuka Aisilandi na malapa na leso moja, ameshika mkoba wake kifuani.

"Mama Linet, si uvae tu hii koti yangu," Mukhwana akasihi. Peris akatazama ukutani. Mukhwana akamletea chai ya hapo uwanja wa ndege: maji ya moto, kifuko chenye uzi, na maziwa baridi kwenye kikopo kisichozidi kizibo. Peris akakisukuma kile kikombe kwa kidole kimoja. Kwao, maziwa na majani huchemshwa pamoja, sufuria moja, mpaka yapande. Kinginecho chote ni maji ya kunawa.

Hapo Mukhwana akaogopa kweli. Je, wataingia kwa mkwe hivi, nyanya hamsemeshi babu, na mtoto mchanga katikati? Miaka thelathini na mmoja alikuwa ameisikia sauti ile kila asubuhi, na sasa masikio yalimuuma kwa kuikosa.

Basi dogo la watalii likawachukua mpaka mahali ambapo ardhi hutoa moshi. Dereva wao, pande la mtu lenye ndevu nyekundu, akachimba mchanga kwa sepetu na kufukua mkebe. Ndani yake mlikuwa na mkate uliozikwa tangu jana, ukaiva kwa joto la ardhi peke yake. Watu wakapiga picha. Mukhwana hakupiga picha. Mukhwana alikuwa akiliangalia lile shimo.

Kwani ndani ya begi lake la mkononi mlikuwa na nini? Sufuria! Sufuria nzito ya kusongea ugali, aliyokataa kuitenga na mwili wake, kwa sababu Linet alilalamika kwenye simu kwamba za huko ni nyepesi na hazivumilii mwiko. Na ndani ya sufuria, majani ya chai na sukari. Akakimbilia kibanda cha mkate, akatoka na maziwa paketi mbili, maji chupa moja na kikombe, akamkabili dereva.

"Ewe mwenye ndevu na sepetu!" akanena kwa Kiingereza cha fahari. "Nimetoka chini ya Mlima Elgon. Sikuja kuiba moto wenu. Naomba shimo moja na robo saa. Mke wangu hajasema neno tangu jana."

Dereva akamtazama Peris dirishani mwa basi. "Wangu pia hunyamaza," akasema, akamkabidhi sepetu. "Lakini saa nane kamili tunaondoka."

Naam, vita vikaanza! Mukhwana akachimba, akaisimika sufuria, akamimina maziwa na maji, akarusha majani na sukari kwa kipimo cha kiganja. Upepo wa baharini ukamshambulia ubavuni, ukaufukuza mvuke, na maziwa yakagoma. Dakika tano. Dakika kumi. Utando tu. Watalii wakaanza kupanda basi.

Ndipo shujaa akavua koti, akaizungushia sufuria liwe ukuta, akapiga magoti na shati tupu. Na yeye ambaye tope la mtoni halikumtetemesha, akatetemeka mpaka meno yakasikika basini.

"Panda," akayaambia maziwa. "Panda, bana, usiniaibishe ugenini."

Honi ikalia. Kingo zikafanya povu. Honi ikalia tena. Na maziwa yakapanda! Yakapanda yakiwa ya rangi ya udongo wa Kachibora, naye akayanyakua kwa mikono ya koti kabla tone moja halijamwagika.

Akaingia basini ameibeba sufuria. Akamimina kikombe, akakitoa kwa mikono miwili. Watu wa mataifa wakageuka vitini. Peris akanusa. Akanywa. Akanywa tena, akamtazama mumewe aliyegeuka kijivu kwa baridi.

"Baba Linet," akasema. "Sukari ni kidogo."

Andikeni tarehe, enyi waandishi! Pigeni kengele toka Endebess hadi Kabuchai! Maana Peris hakukoma hapo. "Na maji umejaza hivi, kwani unauza? Na ile sweta, nani alikutuma? Wewe ni wa kuamuru mizigo tu, kama ile siku uliamuru ng'ombe wapitie kwa mahindi ya jirani Kemboi!" Akaendelea hivyo, kilomita baada ya kilomita, akinyoosha kikombe aongezwe, akirudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Walipofika uwanja wa ndege alikuwa ndiyo kwanza anaingia mwaka wa harusi, na pumzi bado anayo.

Dereva akamvulia Mukhwana kofia. Na mshindi wa Aisilandi akatembea kuelekea ndegeni kando ya mkewe, akigombezwa kila hatua, mwenye furaha kuliko watu wote wa kisiwa kile.