Kuhusu Njia ya Kupishania Tramu, Ukurasa wa 31

Da Lat, 9 Novemba 2012. Mwaka wa hamsini na nane tangu niondoke Hanoi.

Ndugu Mhariri wa kijitabu cha historia ya tramu za Hanoi,

Nimekisoma kijitabu chako mara tatu, mara ya mwisho kwa lenzi. Kuhusu nyaya, kengele ya kukanyaga kwa mguu, hata kustaafishwa kwa tramu ya mwisho, sina neno. Neno ninalo na ukurasa wa 31.

1. Unaandika kwamba reli ya kutoka mjini kwenda Ha Dong ilikuwa moja, na kwamba penye njia mbili tramu "zilikuwa zikikwepana". Najua ulipojikwaa. Neno letu *tránh* hubeba yote mawili, kupishana na kukwepana. Lakini pale kituo cha Thai Ha, penye njia mbili, hakuna aliyemkwepa mtu. Tramu ya mjini ilisimama, ya Ha Dong ikaja ikasimama ubavuni, dirisha kwa dirisha, tukatazamana hadi kondakta amalize sigara yake.

2. Katika dirisha hilo, kila asubuhi ya mwaka 1953, alikaa binti mwenye kikapu cha tofu, jibini la soya, ambaye sasa ni mke wangu, Bi Nhan. Nilimwinamia kwa heshima. Naye alinipigia kelele mbele ya abiria wote: "We kaka shingo ya korongo, ingiza kichwa ndani kabla hakijakatwa!" Siku nyingine: "Jamani, mwinamaji wangu leo hajanyoa!" Huko ndiko kukwepana?

3. Kama tulikwepana, basi hatukukutana. Kama hatukukutana, hatukuoana. Binti yetu wa kwanza ni mwalimu mkuu mstaafu. Umemfikiria? Amefundisha hesabu miaka thelathini bila kuwapo duniani! Wanafunzi wake wawili ni wahandisi wa madaraja, na watu wanayapita madaraja hayo hivi ninavyoandika. Yafungwe leo.

4. Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, kijitabu kichapwe upya, na neno liwe "zikikutana". Pia zitandikwe mita arobaini za reli mbili pale Thai Ha, ziletwe tramu mbili na dereva anayejua kukanyaga kengele. Umeme si lazima. Wafanyakazi wa ofisi yako wanaweza kusukuma. Mke wangu aletwe kutoka upande wa Ha Dong, mimi kutoka mjini. Hayo yakitimia, nitapanda treni nirudi nyumbani Hanoi.

Wasalimie wote ofisini, msahihishaji wa chapa kwanza. Nisalimie na ziwa letu la Hanoi.

Wako ninayengoja kituoni,
Vu Dinh Khoat

Baada ya sahihi: Nimemsomea mke wangu barua hii kabla ya kuifunga. Amecheka hadi miwani ikamdondoka. "Mzee, mimi tramu zilikuwa zinanitapisha, sikupanda hata siku moja! Huyo wa tofu ni dada yangu Thoa, si tulifanana? Wewe ulinijia bandarini Hai Phong, siku ya meli ya kuhamia kusini, ukasema, 'Hatimaye, dada wa tramu!' Nilikuwa na njaa, na wewe mkononi una mkate wa wali wa kunata. Ningekubishia vipi?"

Thoa ni shemeji niliyedhani sijapata kumwona. Alibaki Hanoi. Mke wangu anasema yu hai, na sauti yake ni ile ile.

Ukurasa wa 31 uuache ulivyo. Sitarudi.